Chumba cha Baridi cha Samaki Ilemela: Makadirio Matatu ya Bei na Hesabu Iliyoamua

Kikundi cha wafanyabiashara wa samaki katika mwalo mmoja wa Wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza, kilikuwa kimepanga nafasi kwenye majokofu ya watu wengine kwa muda mrefu kabla ya kuamua kujenga chumba chake cha baridi. Wanachama hununua sangara na sato kutoka kwa wavuvi wa visiwani na wa kambi za jirani, wakawauza sangara kwa mawakala wa viwanda vya minofu, na sato wakawapeleka masoko ya Mwanza mjini, Shinyanga na Tabora. Kiwanja kilikuwepo, akiba ilikuwepo, mkopo ulikuwa umeahidiwa, na mezani palikuwa na makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu. Niliombwa kuyasoma na kusema lipi linafaa kununuliwa. Sitataja majina ya kikundi wala ya wauzaji, kwa sababu kinachowafaa wasomaji wengine wa kandokando ya ziwa ni hesabu yenyewe na namna ilivyofikiwa.

Kadirio la kwanza, lililokuwa nafuu kuliko yote, lilihusu kontena la baridi la futi 40 lililokwisha kutumika kwenye meli, likiwa na mashine yake. La pili lilikuwa chumba kipya cha paneli chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3, cha kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri, kikiendeshwa na mtambo mmoja wa hosipawa 10 unaotumia gesi ya kupoza ya R404A. La tatu, ambalo bei yake ilikuwa juu kuliko zote, lilikuwa chumba cha ukubwa huohuo lakini cha kukaa karibu na nyuzi sifuri tu, chenye mitambo miwili midogo, pamoja na mashine ya kutengeneza barafu tani 2 kwa siku.

Wanachama wengi walilipenda la pili, na hoja yao ilistahili kujibiwa kwa heshima. Walisema kwamba chumba kinachoweza kugandisha kinaweza pia kupoza kwa kupandisha kipimo tu, ilhali chumba cha nyuzi sifuri hakiwezi kushuka hata kikitakiwa. Kwa hiyo anayenunua cha kugandisha amenunua viwili kwa bei ya kimoja. Wale wawili waliosimama upande wa kontena walikuwa na hoja nyingine, kwamba kiwanja kimepangishwa na kontena linaweza kuhamishwa mkataba ukiisha. La tatu halikuwa na mtetezi, kwa sababu lilikuwa ghali na halikugandisha.

Nilipoyasoma yote matatu niliona upungufu mmoja uliokuwa mzito kuliko tofauti za bei. Hakuna muuzaji aliyeuliza ni kilo ngapi za samaki zinaingia kwa siku, wanaingia saa ngapi, na wakiwa na joto gani. Wote watatu walikuwa wamepimia mtambo kwenye ukubwa wa chumba. Mita za ujazo huonyesha mzigo unaoweza kukaa ndani, lakini hazisemi chochote juu ya joto litakalopaswa kutolewa, na mtambo wa baridi kazi yake ni moja tu, yaani kuchukua joto ndani na kulitupa nje. Bila kujua kiasi cha joto hilo, hosipawa 10 inaweza kuwa nyingi mno au ndogo mno, na hakuna awezaye kusema ni ipi.

Daftari la mweka hazina

Taarifa iliyokosekana ilikuwepo mwaloni siku zote. Mama anayetunza fedha za kikundi huandika kila asubuhi kilo zilizopokelewa, aina ya samaki na mvuvi aliyewaleta, na daftari lake lilitueleza mambo matatu ambayo hayakuwamo katika kadirio lolote.

La kwanza ni kwamba mapokezi hupanda na kushuka na mwezi. Wakati wa giza kikundi hupokea hadi tani 3 kwa siku. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wengi wanapopumzika, mapokezi hushuka chini ya tani 1. La pili ni kwamba samaki karibu wote huingia ndani ya saa chache za asubuhi. La tatu, alilolisema mwenyewe kwa mdomo nilipomuuliza, ni kwamba mitumbwi midogo haibebi barafu. "Samaki anatufikia na joto la maji ya ziwa, mwanangu," alisema. "Anayemtia barafu ni sisi, kama barafu ipo siku hiyo." Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa na nyuzi kati ya 24 na 27 hivi, kwa hiyo tulichukua nyuzi 26 kuwa joto la samaki anapopokelewa.

Swali kubwa zaidi lilikuwa samaki hao wanakwenda wapi. Sangara wa viwandani anatakiwa akiwa mbichi, mgumu wa nyama, na mkaguzi wa kiwanda humkataa aliyelegea. Sato wa Shinyanga na Tabora naye husafiri ndani ya barafu. Mzigo wa kikundi haukai zaidi ya siku tatu au nne, na sangara aliyewekewa barafu mapema hudumu zaidi ya wiki mbili akiwa bado analika vizuri. Kwa maneno mengine, biashara iliyopo haihitaji kugandisha. Kugandisha lilikuwa wazo la biashara nyingine, ya baadaye, ambayo bado haikuwa na mnunuzi.

Hesabu ya joto

Tuanze na samaki wenyewe. Kilo moja ya samaki mbichi hutoa takriban kilojuli 3.6 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Tani 3 zikishushwa kutoka nyuzi 26 hadi sifuri zinatoa kilojuli 280,800, sawa na kilowati-saa 78 za joto. Tani hizohizo zikigandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, joto la kushusha nyuzi za mwanzo linafuatwa na lile la kugeuza maji yaliyomo mwilini kuwa barafu, ambalo ni takriban kilojuli 250 kwa kilo, kisha la kushusha samaki aliyekwisha kuganda. Jumla inafika kilowati-saa 316. Kugandisha kwa hiyo kunadai mara nne ya kazi ya kupoza, na sehemu kubwa yake imo katika nyuzi chache tu za karibu na sifuri, mahali ambapo kipimajoto huonekana kama kimesimama na mwenye chumba akadhani mashine imeharibika.

Kuta ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Chumba cha mita 6 kwa 5 kwa 3 kina eneo la mita za mraba 126 ukihesabu pande zote sita. Paneli ya polyurethane ya milimita 100 hupitisha kama wati 0.23 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti, kwa hiyo nje kukiwa nyuzi 30 na ndani sifuri, zinapenya wati 870 hivi, yaani kilowati-saa 21 kwa siku. Chumba cha kugandisha kikijengwa kwa paneli ya milimita 150 kinapitisha karibu kiasi hichohicho, ijapokuwa tofauti ya joto ni nyuzi 48. Kadirio la pili, hata hivyo, lilikuwa limeandika milimita 100 kwa chumba cha kugandisha, jambo ambalo lingeongeza nusu nzima ya joto la kuta kila siku kwa miaka yote ya chumba hicho, na ilitosha kunipa shaka juu ya uangalifu wa aliyeliandika.

Mlango ndio mwizi mkubwa. Hewa ya asubuhi ya Mwanza yenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 70 inaingia na takriban kilojuli 60 katika kila mita ya ujazo zinazopaswa kutolewa ili ifikie hali ya ndani ya chumba cha nyuzi sifuri, na sehemu kubwa ya joto hilo imefichwa katika unyevu wenyewe, ambao huenda kuganda juu ya mabomba ya evapareta, yaani sehemu ya ndani ya chumba ambako gesi huchemka na kuchukua joto. Chumba cha mita za ujazo 90 chenye wapakiaji wanaoingia na kutoka kinaweza kubadilisha hewa yake yote mara 20 kwa siku. Hizo ni kilowati-saa 30, zaidi ya kuta zote pamoja na dari na sakafu. Pazia la vipande vya plastiki na kibaraza kidogo chenye mlango wa pili huipunguza sana hasara hii, na ni vitu vya bei ndogo. Nilishangaa kuona kwamba havikuwamo katika kadirio lolote kati ya matatu.

Feni za evapareta, taa na watu wanaofanya kazi ndani tuliwahesabia kilowati-saa 13. Jumla ya chumba cha kupoza, samaki wakiingia na nyuzi 26, ni kilowati-saa 142 kwa siku. Jumla ya chumba cha kugandisha kwa mzigo uleule inafika takriban 400.

Hapo ndipo kadirio la pili lilipoanguka. Jedwali la muuzaji mwenyewe lilionyesha kwamba mtambo ule wa hosipawa 10 hutoa kilowati 9 za baridi gesi inapochemkia nyuzi 28 chini ya sifuri, ambazo ndizo zinazohitajika ili chumba kifikie 18 chini ya sifuri. Ukifanya kazi saa zote 24 bila kupumzika hata kuyeyusha barafu ya kwenye mabomba, unatoa kilowati-saa 216. Kuta, mlango na feni vinachukua kama 84. Zinazobaki zinatosha kugandisha kilo 1,250 hivi za samaki, si 3,000. Samaki waliosalia wangekaa ndani wakishuka polepole, siku nzima na nyingine, wakipita kwa mwendo wa kobe katika zile nyuzi kati ya 1 na 5 chini ya sifuri ambako chembe za barafu hukua kubwa na kupasua nyama. Samaki wa namna hiyo akiyeyuka hutoka maji mengi na kulegea. Chumba cha kutunzia vilivyoganda na chumba cha kugandishia ni vitu viwili tofauti. Cha pili kinahitaji upepo mkali, nguvu nyingi na mpangilio wa trei unaoruhusu hewa kupita kati ya samaki na samaki.

Na ile hoja ya kupandisha kipimo? Kompresa (pampu ya gesi ya mtambo) iliyochaguliwa kwa baridi kali ina mipaka yake. Gesi inapochemkia nyuzi za juu zaidi, kompresa hiyohiyo humeza gesi nzito zaidi na baridi yake huongezeka zaidi ya mara mbili, mota ikabeba mzigo ambao huenda haikuundiwa, huku evapareta na vali ya upanuzi, inayoipunguzia gesi shinikizo, vikiwa vya kipimo kingine. Chumba hupoa kwa kasi, mashine hukatika, joto hupanda, mashine huwaka tena, na hewa ndani hukauka kiasi cha kukausha ngozi ya samaki. Kinachoonekana kama vyumba viwili kwa bei ya kimoja ni chumba kimoja kisichofaa kwa kazi iliyopo.

Kontena lilikuwa na sifa yake halisi, kwamba linahamishika, lakini mashine ya kontena la meli imeundwa kutunza baridi ya mzigo uliokwisha kupozwa kabla ya kupakiwa. Ukiwatia ndani samaki wa nyuzi 26 waliorundikwa, hewa inayotoka sakafuni haipati njia ya kupita. Zaidi ya hapo, povu la kuta za kontena lililozeeka huweza kuwa limenyonya maji, nalo likinyonya maji halizuii tena joto kama zamani, wala huwezi kulibaini kwa kutazama rangi mpya ya nje.

Barafu kama ghala la baridi

Kadirio la tatu ndilo lililohitaji kutetewa, na utetezi wake hautokani na umeme kidogo peke yake. Kutengeneza barafu kunakula umeme. Kilo moja ya barafu kutoka maji ya nyuzi 25 inadai takriban kilojuli 450 za baridi. Kwa tani 3 za samaki, tukitumia nusu kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki ndani ya matangi yenye kuta za kuzuia joto, tunahitaji tani 1.5 za barafu, sawa na kilowati-saa 187 za kazi ya mashine. Hiyo ni zaidi ya zile 78 zilizomo katika samaki, na mjumbe mmoja aliyeelewa hesabu aliuliza kwa haki kabisa kwa nini tusipoze kwa hewa moja kwa moja.

Jibu la kwanza ni wakati. Samaki wote huingia asubuhi. Kuwapoza kwa hewa ndani ya saa 6 kungedai kilowati 13 kwa ajili yao peke yao, mbali na kuta na mlango, na mtambo huo mkubwa ungekaa karibu bure saa zilizobaki. Barafu hutengenezwa taratibu mchana kutwa na usiku kucha na mashine ndogo, ikakusanywa, kisha ikatumika yote kwa pamoja saa ya mapokezi. Jibu la pili ni mguso. Barafu iliyosagwa hukumbatia samaki pande zote na kumshusha kwa haraka ambayo hewa haiwezi kuifikia, na maji yake yanayoyeyuka humsafisha na kumzuia asikauke. Jibu la tatu ni TANESCO, yaani saa umeme unapokatika. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya kilojuli 334, kwa hiyo kilo 300 zilizobaki chumbani zinaweza kubeba joto linalopenya kutani kwa zaidi ya siku nzima, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna jenereta ya bei hiyo.

Samaki waliokwisha kuwekewa barafu kwenye banda la mapokezi wanaingia chumbani na nyuzi kama 4, na mzigo wa chumba unashuka kutoka kilowati-saa 142 hadi 76 kwa siku. Mitambo miwili ya kilowati 3.5 kila mmoja inatosha. Mmoja ukiharibika, wa pili ukiendelea saa zote unatoa kilowati-saa 84, na chumba kinasimama. Wakati wa mbalamwezi mmoja unapumzika. Kwa mazingira ambamo kipuri cha kompresa huweza kuagizwa Dar es Salaam na kusubiriwa, naona uwezo huu wa kuendelea na mtambo mmoja ni wa thamani kuliko sifa nyingine yoyote iliyoandikwa kwenye kadirio lile.

Kuhusu umeme, tulikadiria kwamba chumba na mashine ya barafu vingetumia uniti 4,300 hivi kwa mwezi katika siku za mapokezi makubwa, wakati chumba cha kugandisha chenye nguvu ya kutosha kingefika takriban 8,600. Tofauti hiyo inavuka mpaka wa uniti 7,500 kwa mwezi, ambao ndio unaotenganisha daraja la T1 na la T2 katika bei za TANESCO, na T2 hutoza pia kilele cha matumizi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme kilichovutwa kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara anayehesabu uniti peke yake bila kutazama daraja anaweza kushtuka na ankara ya kwanza.

Marekebisho tuliyoyadai

Kadirio la tatu halikukubaliwa jinsi lilivyoletwa. Jambo lililochukua muda mrefu zaidi lilikuwa gesi. Muuzaji alikuwa ameandika R404A kote. Gesi hiyo inafanya kazi vizuri kwenye baridi kali, lakini uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni mara 3,922 ya hewa ya ukaa, na ni miongoni mwa zile zinazopunguzwa chini ya Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 ya Mkataba wa Montreal. Kwa mitambo ya chumba, ambamo gesi inachemkia nyuzi kama 6 chini ya sifuri, tulichagua R134a, ambayo kipimo chake ni 1,430, na ambayo mafundi wa Mwanza wanaifahamu kutokana na majokofu ya nyumbani na viyoyozi vya magari. Kompresa yake ni kubwa zaidi kwa baridi ileile, na gharama hiyo tuliikubali. Kwa mashine ya barafu haikufaa: R134a huchemka nyuzi 26 chini ya sifuri kwa shinikizo la hewa la usawa wa bahari, na mashine ya barafu hufanya kazi karibu na hapo, ambako tundu dogo lolote upande wa kunyonya linaanza kuvuta hewa na unyevu ndani badala ya kuvuja nje. Mashine ya barafu ikabaki na R404A, ikiwa na kiasi kidogo cha gesi ndani ya mfumo uliofungwa kiwandani.

Kulikuwa pia na fundi aliyewashauri wanachama kununua kompresa kuukuu za R22, gesi ya kupoza ya zamani, kwa bei ya chini. Ushauri huo niliupinga kwa nguvu zote. Chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, nchi kama Tanzania zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi la R22 kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025 na kuyasimamisha mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Anayefunga mtambo wa R22 sasa anafunga mtambo ambao gesi yake itazidi kuadimika wakati mkopo haujaisha kulipwa.

Kondensa nazo, zinazotupa joto nje, tulitaka ziongezwe. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile inasukuma hewa yenye uwezo mdogo zaidi wa kubeba joto. Jedwali la muuzaji lilikuwa la usawa wa bahari na hewa ya nyuzi 32; tulidai uchaguzi wa nyuzi 38 na mwinuko halisi wa mahali. Vilevile tulihamisha taa ya ulinzi mbali na kondensa, kwa kuwa wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama wingu huvutwa na mwanga, na feni ingewanyonya moja kwa moja hadi kwenye mapezi ya kondensa (vibati vyembamba vya kutawanyia joto) na kuyaziba. Mahali hapo panatakiwa kuoshwa kwa maji mara kwa mara, na bomba la kuoshea likaongezwa kwenye mchoro.

Evapareta ilichaguliwa yenye nafasi pana kati ya mapezi na tofauti ya nyuzi 6 au 7 tu kati ya gesi na hewa, ili isikaushe samaki, na mabomba yake yakapakwa rangi ya kinga kwa sababu klorini ya kuoshea chumba hula alumini. Kipimo cha chumba kiliwekwa nyuzi 1 hadi 2 juu ya sifuri, wala si chini yake. Chini ya sifuri barafu haiyeyuki, na barafu isiyoyeyuka haimpozi samaki wala kumsafisha. Hili lilimsumbua mwenyekiti, aliyeona ni kama kununua mashine na kuikataza kufanya kazi, hadi tulipoenda pamoja kulitazama tangi la barafu na kulipima samaki kwa samaki.

Kila mtambo uliwekewa kifaa cha kuukata fezi moja inapopotea au volti inaposhuka, pamoja na saa ya kuuchelewesha dakika kadhaa umeme unaporudi, na mitambo haiwaki pamoja. Kompresa inayowashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi, kwa hiyo kuziwasha moja baada ya nyingine kuliruhusu jenereta ndogo. Mashine ya barafu haikuunganishwa na jenereta kabisa.

Maji ya barafu ni ya kunywa, kutoka bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kupitia chujio na tangi la akiba. Maji ya ziwani yaliyochotwa mwaloni hayakubaliki, kwani barafu hulala juu ya nyama ya samaki na kila kilichomo humo kinahamia kwake. Sakafu iliinuliwa juu ya alama ambayo maji yalifika mwaka 2020, ziwa lilipovuka kile kimo cha rekodi cha mwaka 1964 na kuingia katika majengo mengi ya ufukweni. Mwelekeo wa sakafu na mfereji wa maji ya barafu ukachorwa upya kufuatana na kimo hicho kipya.

Wale waliotaka kugandisha hawakuachwa bila jibu. Siku akipatikana mnunuzi wa sato walioganda, viwanda vya minofu vya Mwanza vina mashine za kugandishia zenye nguvu inayotakiwa, na kikundi kinaweza kulipia huduma hiyo kwa kilo hadi idadi itakapothibitisha kwamba mashine yake yenyewe italipa. Upande mmoja wa kiwanja uliachwa wazi kwa ajili hiyo, na waya mkuu wa umeme ukachaguliwa mnene kuliko unaohitajika sasa.

Mkataba uliandikwa kwa vipimo vinavyoweza kushuhudiwa na mtu yeyote mwenye kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama. Majaribio ya kupokea mitambo yatafanyika wakati wa giza, mapokezi yakiwa karibu na tani 3, si chumba kikiwa kitupu kama muuzaji alivyopendekeza. Samaki watapimwa katikati ya sehemu nene ya mwili, katika tangi la juu, la chini na la kona ya mbali na feni. Siku inayofuata mtambo mmoja utazimwa kwa saa 24 mlango ukifanya kazi kama kawaida, na chumba hakitaruhusiwa kuvuka nyuzi 4. Asilimia 10 ya malipo inabaki mikononi mwa kikundi hadi majaribio hayo mawili yapite. Muuzaji aliomba sharti la pili liondolewe. Mweka hazina alilifungua daftari lake, akamwonyesha thamani ya mzigo wa siku moja ya giza, na sharti likabaki lilivyoandikwa.